Amiga inapogoma kuiga Macintosh: Jinsi ya kutambua penye hitilafu

TARAKILISHI ya nyumbani iliyotengenezwa zaidi ya miaka 30 iliyopita ikizimika ghafla, mwenyewe hujiuliza swali moja tu: kimeharibika nini? Lakini ikiwa tarakilishi hiyo ilikuwa ikiiga tarakilishi nyingine wakati ilipozimika, maswali huwa mawili, na anayejibu kwa kubahatisha huweza kupoteza mashine pamoja na kila kilichohifadhiwa ndani yake.

Mfano mwafaka wa jambo hili ni Amiga 1200, mashine ya kampuni ya Commodore ya Marekani iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka wa 1992. Amiga ya kwanza ilikuwa imezinduliwa jijini New York mnamo Julai 1985, na kwa miaka kadhaa jina hilo lilivuma mno nchini Uingereza na Ujerumani. Commodore ilifilisika Aprili 1994. Kampuni ya Escom ya Ujerumani iliinunua mwaka uliofuata na kurejesha A1200 sokoni, ila nayo ikaporomoka mwaka wa 1996. Tangu hapo, kila mashine iliyosalia hutunzwa kama yai.

Kilichowavutia wengi wakati huo, mbali na michezo na muziki, ni uwezo wa Amiga kujigeuza Macintosh. Programu inayoifanya mashine moja ijifanye nyingine huitwa emuleta. Kwa kawaida kazi ya emuleta ni nzito, kwa sababu hulazimika kutafsiri kila amri ya prosesa ya mashine inayoigwa. Kwa Amiga mzigo huo haukuwapo. Macintosh ya kwanza ya mwaka wa 1984 na Amiga ya mwaka wa 1985 zote zilitumia prosesa ya Motorola 68000, na vizazi vilivyofuata vya mashine hizo viliendelea na ukoo uo huo kwa miaka mingi. Amri za Macintosh ziliingia moja kwa moja katika prosesa ya Amiga bila mkalimani. Emuleta ilibaki na kazi ya kuiga yaliyoizunguka prosesa: skrini, diski, kibodi na sauti.

Programu ya A-Max ilitangulia mwaka wa 1989. Katika miaka ya tisini Mjerumani Christian Bauer akaandika ShapeShifter, ambayo ilihitaji prosesa ya 68020 au iliyo bora zaidi pamoja na nakala ya chipu ya ROM ya Macintosh. Nakala hiyo ni mali ya Apple na haikutolewa pamoja na programu. Mtu asiyeweza kumudu bei ya Macintosh aliweza sasa kuandika, kupanga kurasa za majarida na kutunga muziki kwa programu za Apple akiwa mbele ya Amiga yake. Kazi hizo, kwa wengi, bado zimo ndani ya faili moja kubwa katika diski ya A1200 iliyofunikwa kwa kitambaa chumba cha nyuma. Ndiyo maana kuikarabati mashine ya aina hii si suala la michezo peke yake.

Diski kwanza

Kabla ya bisibisi kugusa skrubu yoyote nyingine, diski itolewe na kunakiliwa. A1200 hutumia diski ndogo ya inchi 2.5 yenye pini 44, na adapta ya kuiunganisha na tarakilishi ya kisasa kupitia USB hupatikana kwa urahisi. Hapa pana mtego ambao umewaliza wengi. Windows haiutambui mpangilio wa diski za Amiga, na huweza kumwuliza mtumiaji kama anataka diski hiyo itayarishwe upya. Jibu ni hapana. Maelezo yanayoonyesha jinsi diski ya Amiga ilivyogawanywa huwekwa mwanzoni kabisa mwa diski, mahali pale pale ambapo Windows ingeandika maelezo yake.

Nakala hiyo ina faida nyingine ambayo mafundi wengi huisahau. Kuna programu iitwayo WinUAE, ya Toni Wilen, ambayo huiga Amiga nzima ndani ya tarakilishi ya kisasa. Chimbuko lake ni UAE, iliyoanzishwa na Bernd Schmidt katikati ya miaka ya tisini. Nakala ya diski ikiwekwa humo, ShapeShifter huanza kama ilivyozoea, nayo Macintosh ikaonekana: mwigo ndani ya mwigo. Jambo hili huonekana kama mzaha, lakini ndicho kipimo kikubwa kuliko vyote katika makala haya. Ikiwa Macintosh ya kuigwa inakwama ndani ya WinUAE pale pale inapokwama kwenye A1200 halisi, basi maunzi ya A1200 hayana lawama, na kosa limo katika programu au faili. Ikiwa inaenda salama saa nzima kwenye WinUAE lakini inaanguka dakika ya kumi kwenye mashine halisi, fundi aanze kutafuta kifaa kilichochoka.

Bomu au mwanga mwekundu?

Mashine zote mbili zilikuwa na namna yake ya kulia zinapoumia. Macintosh huonyesha kisanduku chenye picha ya bomu. Amiga huonyesha kisanduku chenye ukingo unaometameta juu ya skrini na nambari ndefu ndani yake, baada ya taa yake ya umeme kupepesa. Katika Amiga za awali kisanduku hicho kiliitwa Guru Meditation, na wapenzi wa mashine hiyo wameendelea kukiita guru hata baada ya Commodore kubadilisha maneno hayo yakawa ya kawaida zaidi.

Bomu likionekana huku upande wa Amiga ukiendelea kufanya kazi, kwa mfano mtumiaji akiweza kurudi kwenye skrini ya Amiga na kufungua programu nyingine, mara nyingi tatizo limo ndani ya Macintosh ya kuigwa. Guru ikionekana, mashine yenyewe imeanguka. Hata hivyo mpaka huu si ukuta. Amiga haikuwa na ulinzi wa kumbukumbu, kwa hivyo programu moja iliyopotoka huweza kuandika juu ya kumbukumbu ya jirani na kuiangusha mashine nzima, ilhali vifaa vyote ni vizima.

Kinachosaidia zaidi ni kuziandika nambari za guru kwenye daftari. Nambari 8000 0003 humaanisha kuwa prosesa ilielekezwa kwenye anwani isiyofaa, nayo 8000 0004 kuwa ilikutana na amri isiyoijua. Nambari ile ile ikirudi kila mara mtumiaji anapofanya jambo lile lile, programu ndiyo ya kushukiwa. Nambari zikibadilika ovyo, leo hii na kesho ile, mara wakati wa kuchapa na mara mashine ikiwa imetulia tuli, basi kumbukumbu au umeme ndio unaoyumba.

Nambari mbili zimewapoteza watu wengi kwa jina lake. Katika vitabu vya Motorola makosa ya 8000 000A na 8000 000B yanatajwa kuwa ya emuleta ya mstari wa 1010 na ya mstari wa 1111. Msomaji asidhani kuwa ShapeShifter ndiyo inayotajwa. Motorola ilitenga makundi mawili ya amri, yanayoanza kwa tarakimu hizo, ili programu iweze kuiga amri ambazo prosesa haikuwa nazo. Apple ililitumia kundi la kwanza kuwa mlango wa kuingilia mfumo wa Macintosh: kila programu inapotaka kuchora dirisha au kufungua faili hutoa amri ya aina hiyo. Kosa la 000A upande wa Amiga kwa hivyo laweza kuwa dalili kwamba amri ya Macintosh imetoroka mikononi mwa emuleta. Kundi la pili hutumiwa na prosesa-saidizi ya hesabu. A1200 haikuwa na prosesa-saidizi hiyo ilipotoka kiwandani, na programu ya Macintosh inayoilazimisha itaanguka siku zote. Hapo hakuna kilichoharibika. Kilichopo ni kifaa ambacho hakijawahi kuwapo.

Umeme

Kati ya vyote vinavyoshukiwa, adapta ya umeme ndiyo inayopaswa kuchunguzwa mwanzo, na ndiyo ambayo huachwa mwisho. Adapta iliyouzwa pamoja na A1200 ilikuwa nyepesi kuliko ile ya Amiga 500 iliyoitangulia. Ilitosha kwa mashine tupu. Mtu alipoongeza diski, bodi ya kuongeza kasi na kumbukumbu zaidi, mahitaji ya umeme yalipanda, na ndiyo maana wengi waliazima adapta nzito ya A500, ambayo plagi yake huingia bila taabu na ambayo hutoa zaidi ya ampea 4 kwenye waya wa volti 5.

Miaka 30 baadaye adapta zenyewe zimezeeka. Kuipima ikiwa haijaunganishwa na chochote ni kujidanganya, kwa sababu adapta mbovu huweza kuonyesha volti 5 barabara mpaka pale inapobebeshwa mzigo. Kipimo cha kweli hufanywa mashine ikiwa imewashwa na emuleta ikiendelea, mita ikiwa imewekwa kwenye soketi inayopeleka umeme kwa kiendeshi cha disketi. Kiwango kinachokubalika ni kati ya volti 4.75 na 5.25. Mashine inayosoma 4.9 wakati wa kuwaka na kushuka hadi 4.6 mara Macintosh inapoanza kupakia mfumo wake imekwisha kujieleza. Emuleta huamsha prosesa, kumbukumbu na diski kwa pamoja, ndiyo sababu hitilafu ya umeme huonekana hapo kwanza na mwenyewe akailaumu programu.

Kwa wasomaji wa Kenya kuna la kuongeza. Umeme wa hapa ni wa volti 240, sawa na wa Uingereza, na adapta iliyotoka huko huingia ukutani bila shida. Iliyotoka Marekani imeundwa kwa volti 120 au karibu na hapo, na itaungua mara moja. Aidha, ndani ya adapta na ndani ya skrini za zamani za kioo kizito mna umeme unaoweza kuua hata baada ya plagi kutolewa. Asiye fundi wa kazi hiyo asizifungue.

Kuna pia hofu isiyo na msingi. Taa ya umeme ya Amiga ikififia katikati ya kazi, wengi hudhani adapta inakata roho. Taa hiyo imefungamanishwa na kichujio cha sauti, na programu ikikizima kichujio, taa hupunguza mwanga.

Rangi za kuwaka

Mashine ikikataa kuwaka kabisa, emuleta huwekwa kando. A1200 hujipima kila inapowashwa na kutangaza matokeo kwa rangi ya skrini. Kijivu cheusi, kijivu cheupe kisha nyeupe ni safari ya kawaida. Nyekundu humaanisha hesabu ya ROM haikulingana. Kijani ni kasoro katika kumbukumbu ya picha na sauti. Buluu ni chipu maalumu zisizojibu. Njano ni prosesa iliyokutana na kosa kabla mfumo haujawa tayari kulipokea. Skrini iliyobaki nyeusi tangu mwanzo haisemi lolote, na humrudisha fundi kwenye umeme, prosesa na ROM.

Rangi hizi ni za kuaminiwa kiasi. Nyekundu, kwa mfano, haimaanishi lazima kwamba ROM imekufa. Katika A1200 ROM ni chipu mbili zilizochomekwa kwenye soketi, na pini moja iliyoshika kutu yatosha kuharibu hesabu. Aliyewahi kuzibadilisha azitazame tena: chipu zenyewe zina pini 40 lakini soketi zina matundu 42, na ni rahisi mno kukosea tundu moja. Kupiga picha kabla ya kuchomoa ni jambo la sekunde mbili.

Kwa mashine isiyoonyesha chochote kuna DiagROM ya John Hertell, ambayo huchomekwa badala ya ROM ya kawaida na kupima kila sehemu huku ikituma ripoti kupitia tundu la mawasiliano la nyuma, hata skrini ikiwa gizani. Kwa inayowaka lakini inayumba, Amiga Test Kit ya Keir Fraser huendeshwa kutoka kwenye disketi.

Kikulacho ki nguoni mwako

Adui mkubwa wa A1200 yumo ndani ya bodi yenyewe. Commodore ilitumia kapasita ndogo za kubandikwa juu ya bodi, zenye kimiminika ndani, na kimiminika hicho huvuja kadiri miaka inavyopita. Amiga 600 na Amiga 4000 zina maradhi hayo hayo. Hakuna mlio wala moshi. Kimiminika hutambaa chini ya kapasita, kikala viungo vya lehemu, kisha kikafuata njia za shaba hadi kwenye vitundu vinavyounganisha tabaka za bodi. Lehemu inayong'aa hugeuka kuwa ya kijivu kisicho na mng'ao, na chuma cha kulehemu kikigusa hapo hutoka harufu kama ya samaki.

Dalili ya kwanza mara nyingi huwa katika sauti, kwa kuwa baadhi ya kapasita hizo zimo katika njia ya sauti. Upande mmoja hufifia, au zote mbili zikawa kama zinatoka chini ya blanketi. Mtumiaji wa emuleta huchelewa kutambua, kwani sauti ya Macintosh ya kuigwa hukatikakatika hata kwenye mashine nzima ikiwa prosesa ni ya polepole. Njia ya kutofautisha ni kucheza wimbo wa Amiga yenyewe, bila emuleta. Chipu iitwayo Paula ina njia nne za sauti, mbili zikielekea kushoto na mbili kulia. Ikiwa upande mmoja ni dhaifu hata hapo, kapasita ndizo.

Kazi ya kuzibadilisha yahitaji mkono uliozoea. Vibandiko vya shaba vilivyoliwa na kimiminika hung'oka kwa urahisi, na anayevuta kapasita kwa nguvu hung'oa bodi pamoja nayo. Baada ya kuziondoa, mahali pake pasafishwe kwa mswaki na alkoholi ya aisopropili mpaka papauke, ndipo kapasita mpya ziwekwe kwa kufuata alama ya chanya na hasi. Mashine iliyokaa miaka mingi karibu na bahari, penye hewa ya chumvi, huhitaji kusafishwa zaidi.

Wenye Amiga 500 Plus, 2000, 3000 au 4000 wana kero nyingine. Bodi za mashine hizo ziliwekwa betri ya kuchajika ya volti 3.6 kwa ajili ya saa, nayo ikivuja hutoa alkali inayokula shaba bila huruma. Itolewe leo, hata kama bado haijavuja. Palipoliwa pafutwe kwa siki nyeupe kidogo ili kuituliza alkali, kisha pasafishwe kwa maji yasiyo na chumvi na alkoholi. A1200 ilinusurika na balaa hilo kwa sababu ilitoka kiwandani bila betri.

Kumbukumbu isiyoguswa na wengine

Karibu kila A1200 inayoendesha ShapeShifter ina bodi ya kuongeza kasi iliyochomekwa kwenye mlango wa chini. Iliyojulikana zaidi ni Blizzard 1230 ya kampuni ya Phase 5, yenye prosesa ya 68030 ya megahezi 50 na nafasi ya kumbukumbu ya ziada. Hapa emuleta hugeuka kuwa mpelelezi bila kukusudia. Programu za kawaida za Amiga ni ndogo, na huchukua kumbukumbu vipande vipande. ShapeShifter huchukua bonge moja kubwa, pengine megabaiti 16 kwa mpigo, ili iwe kumbukumbu ya Macintosh. Kwa hivyo huingia kwenye pembe za chipu ambazo hazijaguswa kwa miaka, na chembe moja mbovu iliyokuwa imelala huamka.

Jaribio ni rahisi. Kiasi cha kumbukumbu kinachopewa Macintosh kipunguzwe kwa nusu. Ikiwa maanguko yanakoma, kisha yanarudi kiasi kinapoongezwa, kadi ya kumbukumbu ibadilishwe kabla ya kitu kingine chochote kuguswa. Kabla ya kuinunua mpya, mashine izimwe, adapta itolewe, na mguso wa kadi pamoja na ule wa mlango wa chini ufutwe kwa alkoholi. Mguso uliofifia ndio chanzo cha nusu ya vitimbi vya bodi hizi, na kuchomoa na kuchomeka tena pekee kumefufua mashine zilizokwisha kuandikwa marehemu. Wala joto lisisahaulike: A1200 haina feni, na prosesa ya megahezi 50 ndani ya boksi la plastiki lililofungwa hupata moto. Mashine inayoanguka baada ya dakika 20 lakini inayodumu mfuniko ukiwa wazi imetoa ushahidi wa kutosha.

Ikumbukwe pia kuwa bodi kuu za A1200 zilitoka kwa matoleo kadhaa, na baadhi yake hazielewani vizuri kwa majira ya ishara na baadhi ya bodi za kuongeza kasi. Mashine mbili zinazofanana kwa nje zaweza kutofautiana kabisa zikipewa bodi ile ile.

Diski inayosingiziwa

Diski za kuzunguka za enzi hizo zimekaribia kwisha, na wengi wamezibadilisha kwa kadi za CompactFlash, ambazo huelewa lugha ile ile ya diski na huhitaji kiunganishi tu. Ubadilishaji huu umeleta ugonjwa mpya ambao umewafanya watu watupe kadi nzima.

Hali huwa hivi. Amiga inawaka vizuri, programu ndogo zinafunguka, kila kitu ni shwari. ShapeShifter ikianzishwa, Macintosh inalalamika kuwa diski yake imeharibika, au inakwama katikati ya kupakia mfumo. Nakala mpya inawekwa, na mambo yanakuwa yale yale. Kosa limo katika nambari moja. Kadi nyingi na hata baadhi ya diski mpya hazisomi zaidi ya vipande 255 kwa ombi moja, na kila kipande kina baiti 512. Amiga isipoambiwa, huomba zaidi ya hapo, na kinachorudi huwa kimechanganyika. Faili ndogo hazifikii kikomo hicho, ndiyo maana hazilalamiki. Faili ya Macintosh yenye makumi ya megabaiti hukifikia mara moja.

Dawa ni kufungua programu ya HDToolBox na kubadilisha kipimo kiitwacho MaxTransfer kiwe 0x1FE00 kwa kila sehemu ya diski. Nambari hiyo ni baiti 130,560, yaani vipande 255 kamili. Faili zilizoandikwa kabla ya marekebisho huenda tayari zimeharibika na hazitajirekebisha, kwa hivyo zinakiliwe upya kutoka kwenye nakala ya kwanza. Vilevile, mfumo wa kawaida wa A1200 hauna uwezo wa kufika salama ng'ambo ya gigabaiti 4, na anayeweka kadi kubwa bila kuzingatia hilo hujikuta akiandika juu ya mwanzo wa diski yake mwenyewe.

Yasiyo hitilafu

Malalamiko mengine huletwa kwa fundi ilhali hakuna kilichoharibika. Disketi za Macintosh za kilobaiti 800 hazisomeki kwenye kiendeshi cha Amiga hata kikiwa kipya, kwa sababu kiendeshi cha Apple kilibadilisha kasi ya mzunguko kadiri kichwa kilivyosogea. Skrini inayokuwa nyeusi mara emuleta inapoanza mara nyingi ni suala la masafa: picha ya kawaida ya Amiga hutumia takriban kilohezi 15, ile inayofaa dirisha la Macintosh hutumia takriban 31, na ni skrini chache zinazopokea zote mbili.

Uzito wa picha za rangi nao una maelezo yake. Amiga huhifadhi picha kwa tabaka, Macintosh kwa nukta moja moja. Kwenye nyeusi na nyeupe mipangilio hiyo hulingana, na Macintosh ya kuigwa huruka kama swara. Kwenye rangi 256 kila badiliko hulazimika kupangwa upya. Prosesa yenye kitengo cha kusimamia kumbukumbu huweza kutambua ni sehemu gani za picha zimebadilika na kupanga hizo pekee. 68EC020 ya A1200 haina kitengo hicho, wala 68EC030. Mwenye bodi ya aina hiyo apunguze rangi.

Kwa anayetaka tu kuzitoa kazi zake, na ambaye mashine yake bado inagoma baada ya yote haya, nakala ya diski iliyochukuliwa mwanzoni yatosha. Christian Bauer baadaye aliandika emuleta nyingine, Basilisk II, inayoendeshwa kwenye tarakilishi za kisasa. Faili ya diski ya ShapeShifter hutolewa kutoka kwenye nakala hiyo kwa WinUAE, hukabidhiwa Basilisk II, na hati zilizoandikwa katika miaka ya tisini hufunguka kwenye Macintosh ile ile ya kuigwa wakati A1200 ikiwa bado mezani, mfuniko wazi, ikisubiri kapasita zake.